Mbao za babu juu ya jiko, na kiwanda kilichokuja kumenya miti yetu

Heshima kwenu wakuu, wakubwa na wadogo.

Mimi ni mtu wa kusoma humu na kupita. Sijawahi kufungua uzi. Elimu yangu ni darasa la saba na kuandika kwangu ni kwa polepole, naandika, naacha, narudi tena. Huu wenyewe nimeuandika kwa siku nyingi. Mkiona nimerudia neno mnivumilie.

Ila nitakachosema kimetokea nyumbani kwetu, sijaongeza chumvi. Watu wa Igowole wakipita humu watanijua hata bila jina.

Kilichonisukuma ni ule mjadala wa karibuni kuhusu soko la pamoja na hizi nchi kubwa zinazoinuka, China, India, Brazil, Afrika Kusini. Mlibishana sana wakuu. Wengine mnasema zinatuinua na sisi, wengine mnasema zinatumaliza. Nilisoma mpaka mwisho.

Sina upande. Uchumi siujui. Ninachojua ni habari ya mbao za babu yangu, na nikaona labda inahusika.

Kwetu Mufindi ni baridi, ukungu, chai na miti. Kijiji chetu kiko mbele kidogo ya Igowole. Kila mtu ana kashamba ka miti, paini au milingoti, hata asiye na ng'ombe ana miti.

Babu alikuwa fundi seremala. Ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Alinifundisha kupogoa matawi ya paini nikiwa bado shuleni, unakata karibu kabisa na shina ili kifundo kisibaki kwenye mbao. Alikuwa hapendi kifundo kama watu wengine wasivyopenda nyoka.

Sasa kulikuwa na utaratibu mmoja kijijini kwetu ambao sijui kama kwenu upo.

Mzee akishaona umri umekwenda, anachagua mti wake mwenyewe, alioupanda kwa mkono wake, ulionenepa. Unakatwa na kupasuliwa mbao yeye akiwa hai. Zile mbao zinapandishwa juu ya kenchi za jiko, pale moshi unapopita. Moshi unazikausha na wadudu hawazigusi.

Hizo ni mbao za jeneza lake.

Najua kuna watakaosema ni uchuro. Kwetu haikuwa hivyo. Mzee anaota moto jioni, akiinua macho anaziona, anaendelea kula ugali wake. Bibi alipokuwa hai alikuwa anamtania babu, "Wewe fundi, zangu usiniwekee zenye vifundo, zitanichoma mgongo." Babu anamjibu, "Wewe una kelele, nitakuwekea za mlingoti zipasuke mapema utoke." Bibi alizikwa kwenye mbao safi zisizo na kifundo hata kimoja. Babu alizipiga randa mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Utaratibu ulikuwa na sehemu ya pili. Mtu akifa ghafla, kijana au mama ambaye hana mbao, familia yake inakwenda kwa jirani mwenye nazo. Zinashushwa na mafundi wanatengeneza jeneza hapohapo uani, huku kina mama wanaimba. Hazinunuliwi. Msiba ukiisha, familia ile inakata mti wake mnene, inapasua mbao na kuzirudisha kwenye jiko lilelile.

Hakuna aliyekuwa anaandika popote. Kila mtu anajua mbao za nani zimemzika nani.

Wakuu, ukitazama vizuri, mpango wote ule ulisimama kwenye kitu kimoja tu, kwamba kila nyumba iache miti michache inenepe.

Halafu kiwanda kikaja.

Kilijengwa kando ya barabara, bosi wake Mchina. Ni kiwanda cha vinia. Kwa asiyejua, gogo linawekwa kwenye mashine linazungushwa, kisu kinalimenya kama unavyomenya kiazi bila kukata ganda. Gogo lote linageuka kuwa karatasi ndefu ya mti. Katikati kinabaki kijiti, mnene kama mkono wa mtu, kinatupwa kwenye rundo la kuni. Zile karatasi zinaanikwa juani, zinapangwa kwenye kontena, zinakwenda China. Kule zinagandishwa pamoja na kuwa plywood.

Mashine ile inapenda miti myembamba. Mti wa unene wa paja inauchukua vizuri sana.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Zamani mti wa unene wa paja hakuna aliyekuwa anautaka, unaambiwa nenda kasubiri. Sasa lori linakuja mpaka shambani kwako. Msituni ikaanza kusikika misumeno ya chenso kila kona.

Wale waliokuwa na miti minene nao walipata wateja wao. Wanunuzi kutoka Kenya, watu wachangamfu, wakifika wanasalimia kijiji kizima "sasa!" na sisi tunajibu "kamwene". Wanaleta mashine za dingdong, wanapasua mbao hukohuko shambani, wanapakia wanapeleka Nairobi.

Kwa hiyo myembamba ilikwenda China, minene ikaenda Nairobi. Tukabaki na visiki.

Simlaumu mtu. Niseme ukweli, watu waliezeka nyumba bati. Watoto walikwenda sekondari. Mimi mwenyewe nilipata kazi pale kiwandani, ya kupokea zile karatasi zinapotoka kwenye kisu na kuzibeba kwenda kuanika. Mshahara wangu wa kwanza nilimnunulia babu sweta na buti za mvua. Alizivaa kanisani. Mchungaji akacheka.

Kiwandani walinipa jina la Kimya, kwa sababu siongei. Wanaweza kupiga stori kutwa nzima na mimi nipo hapo nacheka tu.

Babu naye mbao zake zilikuwa juu ya jiko. Miti ya shamba lake alikuwa ameiuza karibu yote bibi alipoumwa, akabakiza mti mmoja mnene. Ndio aliopasua. Mbao zilikuwa zimeshakuwa nyeusi kwa moshi, ngumu, ukizigonga zinalia kama ngoma.

Jirani yetu ni Baba Anitha. Mdogo wake alianguka na pikipiki kwenye mteremko wakati wa matope, akafia pale pale. Kijana mdogo kuliko mimi. Baba Anitha akaja asubuhi, amesimama mlangoni, hawezi kusema. Babu hakumsubiri aseme. Aliniambia, "Leta ngazi."

Tukazishusha.

Baada ya maziko Baba Anitha alimshika babu mkono kwa mikono miwili. "Baba, miti yangu ya kule bondeni ipo. Ikinenepa kidogo tu, mbao zako zinarudi."

Babu akamwambia, "Sina haraka mwanangu. Nikiwa na haraka utaniona."

Kila mtu aliridhika. Ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Mwaka uliofuata Anitha akachaguliwa chuo cha uuguzi, Iringa mjini. Mtoto wa kwanza kutoka upande wetu wa kijiji kwenda chuo. Ada ikatakiwa.

Mimi nilikuwa kazini lori lilipoingia. Magogo yaliposhushwa nikayatambua. Sikuambiwa na mtu. Ile miti ya bondeni tuliipogoa mimi na babu, wakati ule Baba Anitha alitulipa debe la viazi. Mahali pa matawi palikuwa laini, hakuna kifundo. Hakuna mtu mwingine aliyepogoa hivyo.

Nilisimama kwenye mashine yangu nikayapokea yakiwa karatasi, moja baada ya nyingine. Gogo moja halimalizi hata muda wa kunywa chai kikombe. Karatasi zilikuwa nzuri sana, safi. Supavaiza akasifia, "Leo mzigo una akili."

Jioni nikamweleza babu. Alikuwa anakoka moto.

Akaniuliza, "Yeye mwenyewe amekuja kukwambia?"

"Hapana babu."

"Basi anaona aibu. Mwache. Mtoto akisoma uuguzi atakuja kutuchoma sindano sisi sote."

Kisha akaangalia juu. Pale kwenye kenchi mbao zake zilipokuwa zimelala palikuwa peupe, rangi ya mti. Sehemu nyingine zote zilikuwa masizi matupu. Aliangalia pale muda mrefu, halafu akaendelea kupuliza moto.

Miezi ilipokwenda kikohozi kikamshika. Kikohozi cha mtu aliyekula vumbi la mbao maisha yake yote. Akaanza kukonda ndani ya lile sweta.

Siku moja akaniambia, "Sasa nina haraka."

Nikamwambia nitakwenda Mafinga ninunue mbao. Akakataa katakata. "Mbao ya dukani sijui imekulia wapi wala nani kaipogoa. Nilale humo kama mgeni?"

Nilizunguka kijijini kutafuta mti mnene. Wakuu, msinielewe vibaya, Mufindi miti ipo, ukipita barabarani utaona kijani mpaka macho yachoke. Lakini ni ya serikali, ya makampuni, au ni midogo ya watu waliopanda upya. Mti mnene wa mtu wa kijijini kwetu, wa kupasua mbao za jeneza, niliukosa. Kila nilikouliza nilijibiwa kwa huruma, "Ungekuja mwaka juzi."

Kiwandani, nyuma ya mtambo, kulikuwa na magogo yaliyotupwa pembeni. Ni yale manene kupita kiasi, mashine haiwezi kuyashika. Yalikuwa yanakuja kwa bahati mbaya ndani ya lori. Kati yao kulikuwa na paini moja iliyotoka upande wa kijiji chetu, nilimjua dereva aliyeileta.

Nilitaka kumwomba bosi. Nilipanga maneno kichwani siku nyingi, nikimwona anakuja naondoka. Bosi mwenyewe alikuwa mrefu, mkimya, anakula peke yake kwenye kiti cha plastiki. Kiswahili chake alikiokota humohumo kiwandani.

Siku nilipomfuata wenzangu waliacha kula. Mmoja akasema kwa sauti, "Jamani Kimya anaongea, leo mvua ya mawe!"

Nikamwambia bosi, naomba lile gogo.

"Wewe taka mti mnene fanya nini? Mashine hapana weza."

Nikamwambia ni la babu. La jeneza. Hakuelewa neno jeneza, nikamwonyesha kwa mikono, nikalala kidogo chini nikafumba macho. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

Bosi hakucheka.

"Babu kufa?"

"Hapana. Bado. Anaweka mbao nyumbani, anasubiri."

Aliacha kula, akaweka bakuli chini. Akaniambia kitu ambacho sikukitegemea. Alisema kijijini kwao, China, babu yake naye alikuwa na la kwake. Si mbao, jeneza zima, limewekwa chumba cha nyuma. Kila mwaka babu yake anachukua brashi analipaka rangi. Yeye akiwa mdogo alikuwa anajificha humo wakicheza na ndugu zake, wanachapwa.

Alionyesha kwa mkono jinsi babu yake alivyokuwa anapaka, polepole.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo alizikwa humo?"

Akatikisa kichwa. "Hapana. Serikali sema sasa choma maiti, hapana zika. Gari kuja, chukua majeneza yote kijiji. Babu lia." Kisha akachukua bakuli lake. "Wewe chukua. Haraka."

Mpaka leo nikisoma humu mtu anaandika "Wachina hawa hivi, Wachina hawa vile", namkumbuka amekaa kwenye kile kiti cha plastiki.

Vijana wa dingdong walinipasulia lile gogo. Tukapandisha mbao juu ya jiko, mbichi, nzito, tukasaidiana na Baba Anitha. Alikuja bila kuitwa. Alibeba mbao nyingi kuliko mimi na hakumwangalia babu usoni hata mara moja. Babu alimwambia tu, "Angalia kichwa, kenchi hiyo iko chini."

Mbao mbichi zikipata joto zinatoa maji na utomvu. Zilikuwa zinadondosha kwenye moto, chwii, chwii. Babu amelala kwenye mkeka karibu na jiko anazisikiliza.

"Zinanililia kabla ya wakati," alisema.

Ikawa kama mashindano. Mbao zikauke kwanza, au yeye atangulie. Mbao mbichi ukizitengenezea jeneza zinapinda, misumari inaachia. Babu alijua hilo kuliko mtu yeyote. Kila baada ya muda alikuwa ananiambia nipande nizigeuze, kisha niteremke nimwambie uzito wake.

"Bado nzito babu."

"Basi na mimi bado nipo nipo."

Shangazi yangu, binti yake, anaishi Mbalizi. Alikuja kumwona, akalia. Akasema baba hawezi kukaa kwenye moshi na kikohozi kile, anampeleka hospitali Mbeya.

Babu hakutaka. "Mbao zangu zinakauka hapa."

"Baba, mbao zitakusubiri. Unaumwa tu, husafiri safari ya kudumu!"

"Wewe ndiye umesema."

"Baba!"

Alikwenda. Ukitazama kwa haki shangazi hakukosea, mtu gani anamwacha baba yake anakohoa damu? Kwenye gari babu alishusha kioo akaniita. "Uzigeuze," akasema.

Nilizigeuza. Mwanzo nilikuwa nampigia shangazi simu namwambia amwambie zimepungua uzito. Shangazi anasema amecheka. Baadaye akaacha kusema amecheka.

Alifia Mbeya.

Nilipofika Mbalizi msiba ulikuwa umejaa watu kwa shangazi, majirani na waumini wa kanisa lake. Kamati ya mazishi ilikuwa imeshachanga na imeshanunua jeneza. Nilikwenda nao kulichukua, kwenye maduka yale ya kando ya barabara kuu, yamepangwa nje yanang'aa kama makochi.

Muuzaji alilipiga kofi. "Hii ni mbao ya nje, kijana. Imetoka China. Si haya ya kienyeji ya kupinda."

Niliinama nikapitisha kidole ukingoni mahali walipokata. Nikaona matabaka. Karatasi juu ya karatasi, zimegandishwa kwa gundi, juu yake kumebandikwa plastiki yenye picha ya mti. Karatasi za ndani zilikuwa paini.

Paini ni nyingi duniani, sitasema ni ya wapi. Ila mikono yangu ilikuwa inaijua.

Tuliporudi nilimvuta shangazi pembeni. Nikamwambia mbao zake zipo nyumbani. Aliniangalia, macho yamevimba.

"Mwanangu, mochwari wanatoa mtu bila jeneza? Halafu niwaambie watu waliochanga warudishe? Niwaambie nini, kwamba baba ana mbao?"

Nikaenda kuwasaidia kulipakia.

Tuliondoka na pikapu, jeneza limefunikwa turubai, na Coaster ya waombolezaji nyuma. Mvua ikatukuta njiani. Mahali fulani kwenye mlima lori lilikuwa limeharibika likaziba njia, na foleni ikasimama. Malori ya Zambia, malori ya Kongo, yamebeba shaba kwenda bandarini. Mengine yanatoka bandarini na makontena. Yamejipanga mbele na nyuma mpaka huoni mwisho, na sisi na marehemu wetu katikati.

Nilikaa nyuma ya pikapu nimeshika turubai lisipeperuke. Nikawa nasoma maandishi kwenye makontena maana sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Dereva mmoja Mzambia alishuka akavua kofia akasimama kwenye mvua karibu na sisi. Nilimshukuru moyoni.

Hiyo njia ndiyo mnayoisema humu mkijadili biashara ya kikanda. Ni kweli inafanya kazi. Ilikuwa imejaa.

Tulipokata kona Nyololo kwenda kwetu maji yalikuwa yameshapita chini ya turubai.

Nyumbani mafundi wenzake babu walikuwa wanasubiri uani. Jeneza liliposhushwa kila mtu aliona. Kona moja ilikuwa imevimba kama mkate ulioangukia chai, plastiki imebanduka, na matabaka yameanza kuachana.

Mzee Lameki, aliyefanya kazi na babu tangu ujana, alipiga magoti akajaribu kuibana kona ile kwa mikono. Akiachia inafunguka tena.

"Zile za jikoni vipi?" akaniuliza.

Nikapanda ngazi. Nikainua ubao mmoja, nikashuka. "Bado nzito."

"Nzito sana?"

"Zinatoa maji."

Kijana mmoja akasema tutengeneze jingine kwa zile mbichi hivyohivyo, tumhamishe. Mchungaji akasema mtu aliyekwisha kuombewa na kufungwa hahamishwihamishwi kama mzigo. Mzee Lameki akainuka, akaenda kuchukua kamba ya katani, akalifunga jeneza lile pande zote, akakaza fundo. Akarudi nyuma akaliangalia. Fundi mzima analia kwa aibu ya kazi ambayo si yake.

Bosi alikuja kwenye maziko. Alisimama mwisho kabisa na mwavuli. Watu walipokuwa wanapita kuaga alikuja naye, akapitisha kidole gumba kwenye ile kona iliyofunguka. Akaniangalia.

"Vinia," alisema.

Basi. Akaondoka.

Babu tulimzika hivyo, amefungwa kamba.

Haikupita muda mrefu kiwanda kikapunguza watu, kisha kikasimama. Tuliambiwa oda zimekatika kule China, nyumba hazijengwi kama zamani. Sijui nyumba za China zinahusiana vipi na mimi, lakini ndiyo hivyo, zilinifukuza kazi. Bosi alifunika mashine turubai akaondoka, akisema anarudi. Kile kiti chake cha plastiki mlinzi anakalia.

Nilirudi shambani. Mbao zikawa zinaendelea kukauka juu ya jiko. Nilikuwa nazigeuza bila kuambiwa, sijui kwa nini. Zikawa nyepesi. Zikaanza kuwa nyeusi.

Juzijuzi hapa Baba Anitha akaja. Asubuhi, amesimama mlangoni, hawezi kusema. Nikajua. Mama yake alikuwa hoi siku nyingi.

Alisema tu, "Mdogo wangu, mimi sina mdomo wa kuomba hapa."

Nilimpigia shangazi simu, ni mali ya baba yake. Akaniuliza, "Watazirudisha na nini?"

Nikasema, "Sijui shangazi."

"Na wewe unataka kutoa?"

Baba Anitha alikuwa bado amesimama nje, ameshika kofia. Nikamwambia shangazi nitampigia baadaye. Nikaleta ngazi.

Mzee Lameki alilitengeneza vizuri sana. Halikupinda. Aliligonga kwa kidole likalia kama ngoma, akasema, "Hili ndilo lililokuwa la babu yako." Mama yake Baba Anitha alizikwa nalo, Anitha amekuja kutoka chuo na sare yake nyeupe.

Nilichojifunza wakuu, sikijui vizuri kukisema. Sisemi China mbaya wala Kenya mbaya. Walikuja kununua na sisi tulitaka kuuza, na wengi wetu tulikuwa na sababu nzuri. Ninachokiona ni kwamba sisi nasi tulikuwa na soko letu la pamoja, dogo, la mbao na imani, na hakuna aliyelihesabu wakati soko kubwa linaingia. Hatukukaa hata siku moja kukubaliana kwamba kila nyumba ibakize hata miti michache. Ingekuwa rahisi tu. Tulingoja mwingine abakize.

Sasa jikoni kwangu juu ni patupu. Nimepanda paini kwenye shamba la babu, zimenifikia magotini. Baba Anitha naye amepanda, anasema safu ya kwanza ni yangu.

Swali langu kwenu mliosoma mambo haya, na wa Mbeya, Njombe na Iringa mnaofanya biashara ya miti. Nasikia viwanda vitafunguliwa tena oda zikirudi. Miti yangu itafika unene wa paja kabla haijafaa kwa mbao. Siku hiyo ninaweza kuwa na mtoto wa kumlipia ada, au mgonjwa, na lori litakuwa limesimama barabarani likiunguruma.

Babu hayupo. Nani atanishika mkono siku hiyo aniambie ningoje?

Nawasoma. Msiponiona nikijibu haraka, ni kuandika tu ndiko kunakonichelewesha.